Kipato Kimeanguka Nyumbani: Nimlinde Mtoto Yupi Kwanza?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Igoma, Mwanza. Mume wangu alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha kuchakata samaki. Mwaka jana walipunguza wafanyakazi kwa sababu sangara wamekuwa haba, naye akawa miongoni mwao. Sasa tunategemea dagaa ninaouza kwa sado na vibarua vya mume wangu. Kijana wetu wa kwanza yuko kidato cha tatu, binti yuko darasa la tatu, na wa mwisho, wa kiume, ana miaka miwili na nusu. Tumeamua kumlipia mkubwa twisheni kwa kuwa mwakani ana mtihani, na tumebana kwa mdogo: maziwa tumeacha, uji anapata mara moja kwa siku, maana yeye bado haelewi kitu. Lakini sasa mume wangu anasema mkubwa asimame shule mwaka mmoja, aende visiwani kwenye kambi ya dagaa kutafuta fedha, kisha arudi. Nimesikia redioni kwamba watoto wanaokulia kwenye mdororo wa uchumi hawafiki mbali kimasomo. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la sita mwaka 1999 Ulaya walipokataa samaki wetu, baba akakosa kazi, nami nikaishia darasa la saba. Je, ni kweli? Na nimlinde nani kwanza?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona umefunga maswali matatu katika furushi moja. La kwanza ni la hofu: je, shida ya uchumi utotoni inamhukumu mtu asifike mbali kimasomo? La pili ni la mgawanyo: kidogo kilichopo apewe nani? La tatu ni la kambi ya dagaa. Nitaanza na la hofu kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi, lakini nakuambia mapema kwamba maneno yaliyonishtua mimi ni yale machache kuhusu maziwa na uji wa mtoto wa mwisho, ambayo uliyaandika kama jambo la kupita tu.

Ulichokisikia redioni si uzushi. Mchumi wa Marekani, Bryan Stuart, alichunguza mdororo ulioikumba nchi hiyo kati ya mwaka 1980 na 1982, wakati ambao sisi huku tulikuwa kwenye foleni za sukari na sabuni na hatukuwa na nafasi ya kuwahurumia Wamarekani. Alitumia kumbukumbu za sensa kuwalinganisha watu waliozaliwa katika wilaya zilizopigwa sana na waliozaliwa katika wilaya zilizopigwa kidogo, akatazama walivyokuja kuwa ukubwani. Kwa wale waliokuwa na umri wa miaka 10 au chini yake mwaka 1979, pale ambapo kipato cha wilaya kwa kila mkazi kilishuka kwa asilimia 10, waliokuja kupata shahada ya miaka minne walipungua kwa asilimia 15, na kipato chao wenyewe kikawa chini kwa asilimia 5. Kwa makadirio yake, mdororo huo mmoja uliinyima Marekani wahitimu wa vyuo vikuu kati ya milioni 1.3 na milioni 2.8. Mdororo ulikwisha, lakini alama yake ilibaki katika vyeti vya watu ambao wakati ule walikuwa hawajui hata neno uchumi lina maana gani.

Sasa tuzisome namba hizo taratibu, maana hapo ndipo watangazaji huwa wanakimbia. Kupungua kwa asilimia 15 maana yake ni kwamba pale ambapo watu 100 wangepata shahada, 85 waliipata hata hivyo. Hiyo ni tofauti kati ya makundi mawili ya watu, na haisemi lolote kuhusu mtoto fulani wa nyumba fulani. Tena ilipimwa katika nchi ambayo kigezo ni shahada, ilhali hapa kwetu kijana bado anapigania kumaliza kidato cha nne. Kwa hiyo usizibebe namba hizo kama zilivyo ukazipima kwa wanao. Kinachofaa kubebwa ni mwelekeo wake, na ndani ya mwelekeo huo kuna jambo moja ambalo redio haikukwambia: uzito wa pigo unategemea umri wa mtoto, na mdogo huumia zaidi kuliko aliyekaribia kumaliza sekondari.

Jambo hilo lilionekana miaka mingi kabla ya Stuart. Mwanasosholojia Glen Elder aliwafuatilia watoto wa miji miwili jirani ya California waliopitia Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Wa Oakland walizaliwa mwaka 1920 na 1921, kwa hiyo shida iliwakuta wakielekea kubalehe. Wa Berkeley walizaliwa mwaka 1928 na 1929, ikawakuta wangali wanashika nguo za mama zao. Mtu angedhani wakubwa ndio wataumia, kwa sababu wao walielewa kilichotokea. Kwa wavulana ilikuwa kinyume. Wadogo wa Berkeley ndio waliofika ujanani wakiwa na maendeleo hafifu shuleni na wasiojiamini, wakati wakubwa wa Oakland walipata shughuli ndogondogo za kusaidia nyumbani, wakajiona wana maana katika familia, na wengi wao wakaja kusimama vizuri maishani.

Unaposema mdogo haelewi kitu, basi, uko sahihi kuhusu akili yake na umekosea kuhusu mwili wake. Haelewi kwamba baba amepunguzwa kazini, lakini ubongo wake unajengwa sasa hivi kwa kile kinachoingia tumboni, na sehemu kubwa ya ujenzi huo hufanyika kabla mtoto hajalijua geti la shule. Mtoto anayekosa chakula cha kutosha chenye protini na madini katika miaka hiyo hurefuka polepole, huugua mara kwa mara, hucheza kidogo, na kwa kuwa hucheza na kuzungumza kidogo, huokota maneno machache. Akifika darasa la kwanza anakaa dawati moja na mwenzake ambaye tayari ana maneno mengi na nguvu za kukaza macho ubaoni. Asiposhika kusoma darasa la kwanza na la pili, darasa la tatu linampita, kwa sababu huko hafundishwi tena kusoma bali anatakiwa asome ili afundishwe. Ndipo mzazi hushangaa, miaka mitano au sita baadaye, kwamba mtoto huyu kwa nini ni mzito, na hakuna atakayekumbuka mwaka ambao uji ulikuwa wa mara moja.

Zimbabwe kuna ushahidi wa karibu na maisha yetu kuliko wa Marekani. Watafiti waliwafuatilia watoto wa vijijini waliokuwa wachanga wakati wa vita vya miaka ya 1970 na ukame wa mwaka 1982 hadi 1984. Walihesabu kwamba laiti watoto hao wangekuwa na kimo cha mtoto aliyelishwa vizuri kabla ya umri wa shule, wangefika ujanani wakiwa warefu zaidi kwa sentimita 3.4, wangeanza shule miezi sita mapema, na wangekuwa wamesoma karibu darasa moja zaidi. Ukame wa misimu michache ulikwenda kuonekana kwenye daftari la mahudhurio zaidi ya miaka kumi mbele.

Sikulaumu kwa mgawanyo mliofanya, maana wazazi wengi hufanya hivyohivyo. Indonesia ilipoanguka kiuchumi mwaka 1997 na 1998, kaya maskini zilipunguza matumizi ya elimu kwa watoto wadogo ili wakubwa wasikatishwe. Hesabu hiyo ina mantiki yake: kwa mkubwa mmekwisha wekeza miaka kumi, mtihani una tarehe, na hasara yake inaonekana wazi siku matokeo yanapotoka. Hasara ya mdogo haina tarehe wala haitangazwi. Kwa sababu hiyo hasa, inapobidi kuchagua kati ya twisheni ya kidato cha tatu na chakula cha mtoto wa miaka miwili na nusu, ninachagua chakula bila kusitasita. Twisheni ina mbadala. Kijana anaweza kukaa na wenzake wanne baada ya vipindi, wakagawana mada na kufundishana, na mwalimu wa somo akiombwa kwa adabu hatakataa kuwasahihishia. Elimu ya sekondari ya serikali haina ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, kwa hiyo kinachobaki ni michango, sare, madaftari na nauli, navyo si vidogo, lakini mzazi anaweza kwenda kwa mkuu wa shule akaomba kulipa kidogokidogo. Miaka ya kwanza ya mtoto haina mkuu wa shule wa kumwomba aisogeze mbele.

Na hapa wewe una nafasi ambayo mama wengi hawana, kwa sababu chakula ambacho kingemfaa mtoto wako kimo ndani ya beseni unalolipeleka sokoni. Dagaa ni protini na madini ya chokaa kwa bei ambayo hakuna nyama wala maziwa yanayoifikia, kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake. Chukua kiasi kidogo, toa mchanga, osha vizuri, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, watwange na kuchekecha, kisha utie kijiko kimoja au viwili vya unga huo katika uji wa ulezi au mboga ya mtoto, pamoja na karanga zilizosagwa na tone la mafuta. Ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, humshibisha, ila kwa peke yake humjaza tumbo bila kumjenga. Tumbo la umri wake ni dogo, hivyo haimfai kushiba sana mara moja. Mpe kidogo mara nne au tano kwa siku, hata kama mojawapo ni embe au kipande cha kiazi. Najua kila kijiko unachomtwangia ni shilingi unayoitoa kwenye sado. Kihesabu kama gharama ya shule, maana ndivyo kilivyo.

Mengine hayana bei. Umwongeleshe unapopanga mafungu ya dagaa, umhesabie, umwimbie, umjibu anapouliza jambo moja mara ishirini. Watu wetu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na mara nyingi nimesikia methali hiyo ikitumika kuhalalisha fimbo. Mimi naielewa kwa uji na maneno.

Kuna njia nyingine ambayo mdororo hupita kuingia shuleni, na watu huisahau kwa kuwa haishikiki: hali ya moyo ya wazazi. Huko Norway, nchi ambayo mtu akikosa kazi serikali humlipa, watafiti waligundua kwamba watoto ambao kiwanda cha baba kilifungwa walipata alama za chini shuleni, na upungufu wa fedha haukutosha kueleza kwa nini. Mwanamume aliyezoea kuamka alfajiri na sare yake, akarudi jioni na mshahara wa mwisho wa mwezi, anapoanza kusubiri kibarua kijiweni hupotewa na kitu zaidi ya kipato. Akinyamaza siku tatu au akigombeza kwa jambo dogo, binti wa darasa la tatu huibeba hali hiyo hadi darasani. Huna haja ya kumficha kila kitu. Mwambie kwa maneno ya umri wake kwamba baba amekosa kazi, kwamba si kosa la baba wala lake, na kwamba yeye ataendelea na shule. Kisha angalia jambo moja kwake: asigeuzwe yaya wa mdogo wake siku unazokwenda soko la Mwaloni Kirumba kuchukua mzigo. Siku moja kwa wiki inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni zaidi ya mwezi mzima wa masomo, na mtoto wa kike huanza kubaki nyuma kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kutamka kwamba ameacha shule.

Nije kwenye kambi. Wachumi wa elimu husema kwamba mdororo humvuta kijana pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja familia inakosa fedha, kwa hiyo shule inakuwa mzigo na mkono wa kijana unahitajika. Upande mwingine kazi zenyewe zinakuwa haba, kwa hiyo akiacha shule hana cha kwenda kufanya, na ni heri abaki darasani. Upande upi utashinda hutegemea mahali. Marekani ya miaka ya 1930 vijana walijaa shule za sekondari kwa sababu viwanda havikuwa na kazi ya kuwapa, na hata Peru, baada ya uchumi wake kuporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, watoto hawakukimbia shule kama ilivyohofiwa. Katika nchi maskini zaidi, nyingi za Afrika zikiwemo, upande wa kwanza ndio hushinda mara nyingi, kwa kuwa familia haina akiba ya kuvukia.

Ufukweni mwa Ziwa Victoria tuna tatizo la ziada: ziwa halifungi geti. Kiwanda kinaweza kupunguza watu, lakini mtumbwi wa dagaa unahitaji mikono usiku huohuo, haumuulizi mtu cheti, na unamlipa kijana fedha mkononi. Sangara wanapopanda bei vijana huvutwa, na nyumba zinapokosa fedha vijana husukumwa. Mwalimu yeyote wa shule ya kisiwani atakwambia hivyo.

Mumeo anasema mwaka mmoja. Tuna ushahidi wa aina yake kutoka ng'ambo tu ya ziwa, mkoani Kagera, ambako kaya zilifuatiliwa kati ya mwaka 1991 na 1994 na kutembelewa tena mwaka 2004. Mazao yalipoharibika watoto walifanya kazi zaidi, na kaya zilizokuwa na mali ya kuuza au kuwekea dhamana ziliweza kuwanusuru watoto wao kuliko zisizo nayo. Kisha watafiti wakatazama waliofanya kazi walifikia wapi. Kwa wavulana, kila ongezeko la saa zipatazo 5.7 za kazi kwa wiki liliambatana, miaka kumi baadaye, na upungufu wa karibu mwaka mmoja wa masomo. Kwa wasichana masomo hayakuonyesha tofauti kubwa, ila uwezekano wa kuwa wameolewa uliongezeka. Naomba uirudie hiyo namba ya wavulana. Si saa 5.7 kwa siku, ni kwa wiki, na watoto hao wengi walikuwa wakilala nyumbani kwao. Kijana wa kambini hulala kambini, hutoka jioni na kurudi alfajiri, hushika fedha zake mwenyewe, huishi kati ya watu wazima wenye mazoea yao, na akija kukaa tena dawati moja na watoto waliokuwa nyuma yake darasa zima anajiona ameshuka cheo.

Kisheria mlango wa kurudi uko wazi. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa sababu mbalimbali kurejea katika shule ya kawaida, na ni jambo jema. Lakini mlango kuwa wazi na mtu kuupita ni mambo mawili. Pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na wote tunajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, usiku, katika saa hizohizo. Sijaweka sheria mbele kwa sababu najua mtu mwenye njaa hasomi sheria. Nimeitaja ili mumeo ajue kwamba mwenye mtumbwi anayemkubali kijana huyo kwa kazi ya usiku anavunja sheria.

Niulize swali lisilopendeza: kwa nini aende kijana na si baba? Kama kambi ina fedha, mtu mzima mwenye nguvu, aliyeijua biashara ya samaki kwa miaka kumi na mmoja, anaweza kwenda, tena pengine si kama mvuvi bali kama mnunuzi au msimamizi wa uanikaji, kazi inayohitaji mtu anayejua samaki bora ni yupi. Nadhani najua sababu ambayo haikuandikwa. Ni vigumu kwa aliyekuwa na kitambulisho cha kiwanda shingoni kwenda kupokea maagizo ufukweni, na ni rahisi zaidi kumtuma mtoto. Sisemi hivyo kumdharau. Ila ukiweka mizani, kutokuwepo kwa baba kwa miezi minne kuna gharama yake nyumbani, hasa kwa binti, lakini gharama hiyo inalipika. Kijana kwa upande wake anaweza kusaidia Jumamosi moja moja na wakati wa likizo, mchana, karibu na nyumbani, kwa kazi yenye mwisho unaojulikana. Hata hapo ile namba ya Kagera inanifanya niseme zisizidi saa chache kwa wiki, na zikome kabisa atakapoingia kidato cha nne.

Kuhusu fedha nitasema machache. Usiingie kwenye mikopo ya kausha damu ili kulipa gharama za shule, hata kama jirani amekwambia ilimsaidia. Riba yake huja kukatwa kwenye chakula cha mtoto yuleyule tunayetaka kumlinda. Biashara yako inakwenda na mwezi wa angani. Siku za giza dagaa ni wengi na fedha zinazunguka, siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika na beseni linakuwa jepesi. Basi unga wa uji, karanga, madaftari na sabuni vinunuliwe gizani, na vikae ndani kabla mwezi haujapevuka. Kama kuna kikundi cha akina mama kinachoaminika mtaani kwenu, akiba ndogo ya kila giza ndiyo itakayochukua nafasi ya ile mali ya kaya za Kagera. Uliza pia ofisi ya serikali ya mtaa kama kaya yenu inaweza kuingizwa katika utambuzi wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Ruzuku yake hufuatilia mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Uandikishaji hufanyika kwa vipindi, kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo.

Umeitaja historia yako mwenyewe, na sitaki niipite. Ulaya iliposimamisha samaki wa ziwa letu mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, viwanda vya Mwanza vilitikisika na nyumba nyingi zikatikisika navyo. Lakini wewe hukuishia darasa la saba kwa sababu ya samaki peke yake. Mwaka uliomaliza, ada ya shule ya msingi ilikuwa bado inalipwa, ilikuja kufutwa baadaye. Sekondari za serikali zilikuwa chache kiasi kwamba aliyefaulu vizuri naye aliweza kukosa nafasi, na wimbi la shule za kata lilikuja baada ya mwaka 2004. Ulianguka kwenye ngazi iliyokuwa imekatika vipago. Wanao wanapanda ngazi nyingine, mbovu mahali pengi, ila vipago vipo. Na kwako pia haijachelewa: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwaandaa watu wa umri wako kwa Mtihani wa Maarifa na kisha kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Si jambo la mwezi huu, najua.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mpeleke mdogo kliniki wiki hii, na kadi yake, apimwe uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Mkono ukiwa chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa umri wake, lishe yake imepungua kiasi cha kuhitaji kufuatiliwa na mhudumu; chini ya 11.5, au miguu ikivimba, au akikataa kula na kulegea, usisubiri siku ya kliniki bali mwende hospitali siku hiyohiyo. Kama hajaanza kuunganisha maneno mawili mawili, mwambie muuguzi. Kama mumeo halali usiku, haongei, ameanza kunywa kuliko zamani au ametamka kwamba afadhali asingekuwepo, huo si uvivu wala kiburi. Katika hospitali za Sekou Toure na Bugando kuna wanaoshughulika na maradhi ya aina hiyo, na mngeenda pamoja. Na kama shinikizo la kumtoa kijana shuleni litakuwa la nguvu, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana uwezo wa kuketi nanyi wawili, au upige simu namba 116 ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Zungumza na mumeo kabla giza lijalo halijaingia, mchana, watoto wakiwa shuleni. Usianze na kijana wala kambi, maana hapo atajiona anashtakiwa. Anza na kadi ya kliniki ya mdogo, mwonyeshe mstari ulivyokwenda tangu mwaka jana, kisha umuulize yeye, aliyepima samaki kwa miaka kumi na mmoja, anaonaje.